Gazi ya Jiko Si Gazi ya Frigo



Wachimbaji wetu wanajua neno hili: jiwe la kijani halionyeshi kwa macho ni shaba ngapi iko ndani. Lipimwe kwanza, ndipo bei isemwe. Mwezi huu tuzungumze juu ya kitu ambacho hata rangi hakina: propani inayotiwa katika frigo.

Vijana wanaojifunza kazi ya frigo wanauliza: «Katika chupa ya kupikia mna propani. Frigo zingine za leo nazo zinatumia propani. Juu ya nini tusichukue ile ya jikoni, maana bei yake ni ndogo?» Swali ni zuri. Jibu lake linagusa mfuko wa mama muuza samaki, tena linagusa uzima wa watoto wanaolala karibu na ile frigo.

Propani ni nzuri kwa baridi. Inachemka kwa digri 42 chini ya zero, na haiharibu ozoni. Joto inaloleta duniani ni dogo sana kupita lile la R-134a, ambayo ni moja ya gazi ambazo mataifa yalipatana kuzipunguza, kule Kigali, mwaka 2016. Kwenye kibati cha frigo au kwenye chupa, propani ya baridi inaandikwa R-290.

Lakini gazi ya jiko ni mchanganyiko. Mara nyingi mna propani na butani pamoja, na kipimo cha kila moja kinabadilika. Tena wanatia dawa yenye harufu kali, ambayo ina kiberiti (salfa) ndani yake, ili mama ajue gazi ikivuja. Maji kidogo pia yanaweza kuwamo. Moto wa jiko haujali mambo hayo: unaunguza yote na kazi imekwisha. Frigo haiko vile. Gazi inazunguka ndani ya tiyo zilizofungwa miaka na miaka, na uchafu hauna njia ya kutoka. Maji yanaganda katika ile tiyo nyembamba kama sindano, na baridi inakatika. Butani inabadilisha nguvu ya gazi, na frigo haifanyi baridi inayotakiwa. Kisha kompresa inachoka na kufa.

Basi fundi anapima namna gani? Kipimo cha kwanza ni manometa na termometa. Chupa yenye gazi ya maji-maji ndani ikae kivulini masaa mengi, mahali penye hewa, mbali na moto, mpaka joto lake lilingane na la mahali pale. Upime joto la ngozi ya chupa, kisha usome manometa. Propani safi inaonyesha karibu bar 7,4 kwa digri 20. Bar 8,5 kwa digri 25. Bar 9,8 kwa digri 30. Hapa kwetu Katanga, juu ya urefu wa inchi yetu, sindano inaweza kupanda kidogo, kama bar 0,1 hivi.

Sindano ikiwa chini sana ya hesabu hiyo, ujue butani imeingia: butani peke yake, kwa digri 25, haifiki hata bar 2. Sindano ikiwa juu sana, labda hewa imeingia, na hewa pamoja na propani ni hatari. Chupa ya namna hiyo usiitumie, wala usijaribu kuitengeneza.

Lakini angalia vizuri, kijana. Butani inashusha sindano, hewa inaipandisha. Zikiwa pamoja, sindano inaweza kusimama mahali pazuri na kukudanganya. Tena manometa haioni maji wala salfa. Kwa hiyo kipimo hiki kinaweza kukataa gazi mbaya, lakini hakitoshi kushuhudia kwamba gazi ni safi. Ushuhuda unatoka laboratwari, kwa mashini inayotenganisha kila gazi na kuipima. Uombe karatasi ya upimaji kwa muuzaji: propani ya frigo iwe safi angalau 99,5 kwa 100, na maji yasipite gramu 10 katika tani nzima. Namba ya karatasi na namba ya chupa zilingane.

Msidhani ni maneno ya vitabu tu. Mwaka 2011 kontena za baridi zililipuka, na huko Vietnam wafundi walikufa. Ndani walikuwa wametia gazi ya uwongo iliyouzwa kwa jina la R-134a. Ilikuwa na kloridi ya metili, ambayo ikikutana na aluminiamu inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikiguswa na hewa. Jina lilikuwa zuri, ndani mlikuwa kifo.

Mama, fundi akija, umwonyeshe kibati kilicho nyuma ya frigo. Kikisema R-134a, asitie propani hata ikiwa safi: swichi za frigo ile zinaweza kutoa cheche. Kikisema R-600a, hiyo ni gazi nyingine, si propani. Kikisema R-290, umwombe aonyeshe chupa na karatasi yake mbele ya kufungua tiyo.

Nawe fundi, kumbuka propani ya frigo kwa kawaida haina harufu. Pua haitakuonya. Utafute mvujo kwa maji ya sabuni, madirisha yawe wazi, na mbabula ya makala itolewe nje. Propani ni nzito kupita hewa; inalala chini, pale watoto wanapotandikiwa mkeka.