Majina Kabla ya Pilau



Juma lililopita kamati ya msikiti wetu hapa Ujiji ilikaa baada ya swala ya Isha kulijadili pendekezo la vijana, kwamba tarehe 25 Novemba ifanyike kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa nini si tarehe 11? Kwa sababu bunduki zilinyamaza Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini Jenerali von Lettow-Vorbeck hakusalimisha silaha ila tarehe 25, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, juu ya ncha ya kusini ya ziwa letu. Vita hivyo vilikwishapita mlangoni petu. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, Wabelgiji walipokuwa wakiikaribia Kigoma. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Wengi wetu tumeipanda bila kuijua nasaba yake.

Vijana walileta makadirio yaliyoandikwa vizuri: matembezi ya dufu hadi ufukweni, mabango, vipaza sauti, mgeni rasmi, na pilau. Pilau peke yake ilikula zaidi ya nusu ya fedha. Sikushangaa; katibu huona bajeti nyingi za Maulidi.

Mzee mmoja akauliza, "Wanangu, tunasherehekea ushindi wa nani?" Hapakuwa na aliyemjibu upesi. Mjerumani, Mbelgiji na Mwingereza, kila mmoja aliwatwika watu wa nchi hizi mizigo yake. Kwa upande wa Waingereza tu, wapagazi waliokufa huhesabiwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Mnara wa Askari uliosimama Dar es Salaam tangu 1927 una maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, wala hauna jina la mpagazi hata mmoja.

Ndipo mmoja wetu akashauri waswaliwe swala ya ghaibu. Imamu akatukumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi huiswali yule aliyekuwa na wajibu wa kumswalia maiti siku alipofariki, na sisi hatukuwa hata tumezaliwa. Dua ipo, Suratul Hashr imetufundisha kuwaombea maghfira waliotutangulia katika imani. Na wapagazi wasiokuwa Waislamu? Tuliafikiana watajwe kwa majina pamoja na wenzao, na jamaa zao waalikwe waketi nasi.

Lakini majina yapi? Nimetangaza Ijumaa mbili mfululizo, nimepata manne. La nne lililetwa na bibi mmoja baada ya darsa la akina mama. Babu yake alichukuliwa, na nyumbani kwao hapakuwekwa matanga wala kusomwa hitma, kwa kuwa habari ya kifo haikuletwa. Mama yake, alisema, alifariki akiwa bado anauita msiba ule "safari".

Tangu siku hiyo rai yangu ni moja: dufu lisubiri, pilau ipunguzwe, na fedha hizo ziwe nauli ya vijana wawili kupita vijiji vya mwambao, kutoka Kagunga hadi Sunuka, wakiwauliza wazee ambao wangali hai.

Kamati itaamua Jumapili ijayo. Mwenye jina la babu yake, na la mahali alipochukuliwa, alilete madrasani baina ya Asri na Magharibi. Daftari liko mezani kwangu.