Tusiusingizie Mtandao

Ipo sentensi moja ambayo sisi wakazi wa Rusimbi, na Kigoma nzima kwa jumla, tumeizoea kama tulivyozoea vumbi la kiangazi: "Mtandao unasumbua." Ukiisikia dirishani, ujue siku yako imekwisha. Anayeitamka haoni haya, na anayeambiwa haulizi, kwa sababu mtandao tumeufanya kama radi, jambo la Mungu lisilo na mwenyewe. Mimi nasema mara nyingi huo ni uongo, na nataka kueleza kwa nini nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Siku moja nilikwenda katika ofisi moja ya ghorofa hapa mjini. Jina lake nalihifadhi, maana zinazofanana nayo ni nyingi. Mbele yangu katika foleni alikuwapo mama mmoja aliyetoka Kagunga, kule mpakani na Burundi, ambako watu huja mjini kwa boti hadi Kibirizi. Alikuwa akifuatilia hati za marehemu mumewe. Kijana wa dirishani akamwambia, "Mama, mtandao unasumbua, subiri kidogo." "Haya mwanangu," akajibu, akaketi. Saa nne ikawa saa sita, saa sita ikawa saa tisa. Mwishowe akaambiwa arudi kesho. Kwa mtu wa Kagunga, kesho maana yake ni kutafuta pa kulala mjini, au kulipa nauli ya boti mara ya pili.

Shida yangu mimi ilinipeleka ghorofa ya pili, kwa mkubwa. Huko nikakiona kisanduku cha waifai kimewekwa juu ya kabati, nyuma ya kiti chake, vitaa vyake vinameremeta. Nje ya mlango kijana mmoja alikuwa akitazama mpira kwenye simu, na picha haikukatika hata mara moja. Nikajiuliza: mtandao unaosumbua ni upi? Huu wa juu, au ule wa chini?

Ndugu msomaji, mtandao ulikuwapo. Kilichokosekana ni mpango.

Waifai ni redio, wala si uchawi. Mawimbi yake hupungua nguvu yanavyosafiri: hata mahali peupe, umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayofika ni robo tu. Weka sasa sakafu ya zege yenye nondo, halafu ya pili, uone kitakachobaki. Makabati ya chuma ya masjala huyarudisha mawimbi yalikotoka. Miili ya watu nayo huyanyonya, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili ni maji. Kwa hiyo fundi anayepima ukumbi mtupu siku ya Jumapili anajidanganya. Jumatatu foleni ikijaa, hali ni nyingine kabisa. Tena antena zinazosimama wima hutawanya mawimbi pembeni zaidi kuliko juu na chini. Aliyetundika kisanduku ghorofa ya pili akitarajia kimhudumie mtu wa chini ni kama aliyewasha taa chumbani akitarajia imulike ukumbi wa chini ya sakafu.

Hapo ndipo anapotokea muuzaji na dawa yake: "Mzee, nunua chenye nguvu zaidi." Nampinga huyu kuliko wote, kwa sababu maneno yake yanaingia akilini upesi. Waifai ni mazungumzo ya wawili. Kisanduku kikipiga kelele kwa nguvu, simu itakisikia na kuonyesha alama zote za mawasiliano. Lakini sauti ya simu ni ndogo, na jibu lake halirudi juu. Mtumiaji anaona alama zimejaa na kazi haiendi. Ni sawa na mtu mwenye kipaza sauti mlimani anayemuuliza swali mgonjwa kitandani bondeni. Tatizo halitaondoka kwa kumwongezea mwuliza swali sauti.

Wengine hukimbilia upande wa pili, wakajaza visanduku kila chumba, vyote vikitumia chaneli moja. Hawa nawapeleka kwa wavuvi wetu wa dagaa. Usiku wa giza wanapotoka na taa zao ziwani, kila mvuvi anajua kwamba taa mbili zikikaribiana mno hugombania dagaa walewale. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Visanduku vinavyosikiana katika chaneli moja hulazimika kupokezana zamu. Na katika jengo la ghorofa, jirani wa kisanduku hayuko pembeni tu, yuko juu na chini pia. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi nyingi zaidi, ila hayapenyi zege vizuri; kwa mpangaji mwenye akili hilo ni faida, kwa kuwa sakafu inamtenganishia mawimbi bila malipo.

Basi la kufanya ni lipi? Reli ilipofika hapa Kigoma mwaka 1914, kwa jasho la babu zetu, haikuanza kwa kutandika mataruma. Walitangulia watu wa kutembea na kupima. Na sisi tutembee. Tuchukue ramani ya jengo, tupite kila chumba, kuanzia dirisha la wananchi, siku ya kazi, watu wakiwapo. Simu ya kawaida yenye programu ya kupimia inatosha kwa kuanzia. Itasoma desibeli hasi, na namba ikikaribia sifuri ni bora zaidi. Mafundi wengi hulenga hasi 67 au bora kuliko hapo, ili hata sauti ya simu isikatike. Tuweke kisanduku kwa kila eneo la kazi, darini, mbali na kabati za chuma, na nguvu yake tuipunguze ilingane na sauti ya simu. Kila kimoja tukivutie kebo yake kutoka kwenye swichi, isiyozidi mita 100. Vile vya kudaka mawimbi na kuyarusha tena hupunguza kasi hadi nusu, kwani hupokea na kutuma kwa kupokezana. Na tusisahau betri ya akiba, sisi tulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta.

Najua nitakavyojibiwa: fedha hakuna. Lakini kutembea jengo zima ni kazi ya siku moja, na kebo moja ya kwenda dirishani haishindi bei ya kile kisanduku chenye nguvu kilichonunuliwa bila kupima. Nitajibiwa pia kwamba kosa ni la kampuni inayoleta intaneti. Huenda ikawa hivyo, sikatai. Njia za nje hukatika. Lakini kujua ni rahisi: chomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta. Ikienda vizuri, kosa liko ndani ya nyumba yako. Ofisi isiyofanya jaribio hili la dakika tano haina haki ya kumlaumu mtu wa nje.

Kinachonikera si vyuma na nyaya. Mahali kisanduku kinapotundikwa panasema ofisi inamthamini nani. Aliyekiweka nyuma ya kiti cha mkubwa hakukosea hesabu. Hakupiga hesabu ya yule mama kabisa. Hakuwa na nia mbaya, alikitundika tu pale alipoona mwenye ofisi yuko. Nami nasema mwenye ofisi ni yule aliyeketi kwenye benchi chini.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiambiwa tena kwamba mtandao unasumbua, usiinamishe kichwa. Uliza kwa adabu: "Samahani mwanangu, kisanduku chenu kiko ghorofa ya ngapi?"