Kabla ya Barua ya Posa, Tuulizane Damu

Wiki ile boom lilipochelewa, jioni moja tulikuwa watu watano chumbani bwenini, hatuna hela ya kwenda popote, basi tukabaki kubishana. Mshikaji mmoja alikuwa amesoma kwenye simu kwamba selimundu, huu ugonjwa tunaouita sikoseli, umepata tiba: wanasayansi wanakata jeni kwa mkasi, mgonjwa anapona. "Kwisha habari," akasema. "Sasa hivi hakuna kuogopana."

Nikamuuliza: wewe damu yako ni ipi? "Grupu O." Sikuuliza grupu. Nauliza himoglobini yako ni AA, AS au SS? Kimya. Nikawazungukia wote. Wawili kati yao wanasoma baiolojia hapa hapa chuoni, na mmoja alipata A ya somo hilo kidato cha sita. Hakuna aliyejua. Wote wangeweza kukuchorea njegere za Mendel wakiwa wamefumba macho, za mviringo na zenye makunyanzi, tatu kwa moja. Njegere tumezijua vizuri sana. Damu yetu wenyewe ndiyo hatujaiuliza swali.

Yangu ni AS. Sikuijua kwa sababu ya usomi wowote.

Kwetu ni Muheza. Dada yangu, aliyenifuata mimi, alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu kabla hajatimiza mwaka. Alilia usiku kucha na hakuna aliyejua anaumwa nini. Mara ilisemwa ni baridi, mara ni jicho la mtu. Tulipokuja kuambiwa hospitalini kwamba ni selimundu, shangazi yangu mmoja alisema maneno ambayo mama hajayasahau mpaka leo: "Katika damu yetu sisi ugonjwa huu haumo." Maana yake ilikuwa wazi, kwamba umeletwa na mke. Baba hakusema kitu. Nadhani na yeye aliamini.

Mhudumu mmoja alimweleza mama kwamba wazazi kama wao hupata mtoto mgonjwa mmoja kati ya wanne. Hakukosea, lakini hakumalizia. Mama akaelewa kwamba deni limeshalipwa: mmoja ameshatokea, watakaofuata wako salama. Akazaa tena. Mdogo wetu wa mwisho naye ni SS. Hapo ndipo daktari aliagiza sote tupimwe, nami nikajua jina la damu yangu. Dada alifariki nikiwa darasa la sita.

Sasa ngoja nieleze kile ambacho mama hakuelezwa, kwa sababu naona hata humu chuoni wengi tunakikosea. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya himoglobini, moja kutoka kwa mama, nyingine kutoka kwa baba. Baba AS na mama AS wanapotunga mimba, kila mmoja anatoa nakala moja tu, kama anayerusha sarafu. Zikiangukia S zote mbili, mtoto ni SS. Uwezekano wake ni robo, na ni robo kwa kila mimba, upya kabisa. Sarafu haina kumbukumbu, haijui mimba iliyotangulia ilitoa nini. Fanya hesabu mwenyewe: wazazi wa namna hii wakizaa watoto wanne, uwezekano wa kutopata mgonjwa hata mmoja ni kama asilimia 32, na wa kupata wagonjwa wawili au zaidi ni kama asilimia 26. Sisi tuliangukia kwenye hiyo asilimia 26. Hapo hakuna laana wala jicho la mtu.

Na shangazi, Mungu amsamehe, alikosea kabisa. Mtoto wa SS amepokea S moja kutoka kila upande. Hakuna namna mama peke yake anaweza kumpa zote mbili. Ukoo uliosema "katika damu yetu haumo" ulikuwa nao vizazi na vizazi, umekaa kimya kwa wabebaji ambao hawakuumwa hata siku moja. Ni wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa kosa hili la hesabu ya kidato cha nne?

Kosa lenyewe ndani ya DNA ni dogo mno. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na nakala moja ya maandishi ya binadamu ina herufi kama bilioni 3. Herufi husomwa tatu tatu, na kila tatu huagiza kiungo kimoja cha protini. Kwenye jeni hii, iliyoko kromosomu ya 11, mahali panapopaswa kusomeka GAG pameandikwa GTG. Herufi moja tu. Wanaodharau herufi moja wakumbuke kwamba kwa Kiswahili tofauti ya kula na kufa ni herufi moja. Himoglobini ya mtu wa SS, ikishaachia oksijeni, hushikamana na kufanya nyuzi ngumu, chembe nyekundu inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mwili unapiga kelele. Ndiyo maana ya jina selimundu.

Kwa nini kosa la hatari hivi halikupotea duniani? Jibu linatuhusu sisi wa Pwani na wa Ziwa kuliko wengi. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa Afrika Mashariki na mwaka 1954 akachapisha alichokiona: mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi kwa karne nyingi, mtoto wa AS alipona pale ambapo mwenzake wa AA alizikwa. Kwa hiyo S yangu ni kumbukumbu ya babu zangu waliopona malaria ya Muheza. Siioni aibu. Lakini bei yake imelipwa na watoto wa SS. Nchini mwetu inakadiriwa huzaliwa wapatao 11,000 kila mwaka.

Turudi kwa mshikaji na mkasi wake. Hakudanganya. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier walionyesha kwamba kifaa ambacho bakteria hutumia kujilinda na virusi, CRISPR, kinaweza kuelekezwa kukata DNA mahali unapotaka, na mwaka 2020 wakapewa Nobel ya kemia. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu iliyotokana na ugunduzi huo, inaitwa Casgevy, na Marekani ikafuata Desemba. Nilipoisoma niliduwaa, kwa sababu hawakusahihisha ile herufi. Walipita mlango wa nyuma. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kosa hili, na huizima taratibu baada ya kuzaliwa. Ndiyo sababu dada yangu miezi ya mwanzo alikuwa hana shida. Basi wanatoa seli shina za mgonjwa, wanakata sehemu inayoamuru uzimaji ule, wanamrudishia. Himoglobini ya utotoni inaamka tena. Akili ya aina hiyo unaivulia kofia.

Ila bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja. Na kabla ya kurudishiwa seli zake anapewa dawa kali za kuua uloto wa zamani, analazwa wiki kadhaa, na uwezo wake wa kuzaa unaweza kuharibika. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, jambo la kujivunia, lakini hiyo nayo inataka ndugu anayeoana na mgonjwa na maandalizi makubwa. Huwezi kuwapandikiza watoto 11,000 kwa mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo simu ya mshikaji haikumwambia. Mkasi ule unafanya kazi kwenye damu tu. Mbegu za kiume na mayai hayaguswi. Mtu aliyetibiwa kwa bilioni 5, akapona, akaoa, bado atampa kila mtoto wake S. Akikutana na mwenzi wa AS, nusu ya mimba zao zitakuwa SS. Yaani hata huyo, baada ya uhandisi wote wa jeni, anahitaji kumuuliza mchumba wake lile swali nililouliza bwenini. Kwa hiyo "hakuna kuogopana" si kweli, na "hakuna kuulizana" ndiyo uongo mkubwa zaidi.

Hoja yangu kwa serikali ya wanafunzi ni hii. Tunapojiunga mwaka wa kwanza tunajaza fomu ya afya, tunapimwa mkojo, choo, macho, kifua. Zahanati ya chuo iongeze kipimo cha himoglobini kwa anayetaka. Siku hizi vipo vipimo vidogo kama vile vya malaria, tone la damu la kidoleni, majibu dakika chache, vinavyotofautisha AA, AS na SS. Kipimo cha zamani cha kuangalia tu kama chembe zinapinda hakitoshi, maana hakimtenganishi mbebaji na mgonjwa. Na pawe na mtu wa kueleza majibu. Karatasi bila maelezo ndiyo iliyomponza mama.

Nimesema kwa anayetaka, na hapo natofautiana na rafiki zangu wanaotaka iwe lazima. Marekani walijaribu lazima. Miaka ya 1970 majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi, bila ushauri na bila siri, wabebaji wakachanganywa na wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha Jeshi la Anga cha huko kiliwakataa vijana wa AS mpaka mwaka 1981, vijana wazima kabisa. Nisingependa kuona orodha ya majina na damu zao imebandikwa ubaoni pamoja na orodha ya wenye supu. Majibu ni ya aliyepimwa, basi. Kuna hata majibu ambayo, mtoto na baba yakiwekwa pamoja, yanaweza kuvunja nyumba.

Mwenzangu mmoja wa kike alinijibu kwa ukali nilipomweleza haya: "Kwa hiyo mnataka kutuchagulia wachumba? Mbona wenye AS watakosa wa kuwaoa?" Swali lake lina uzito na sitalikwepa. Nigeria kuulizana hivi ni kawaida, makanisa mengi yanadai cheti kabla ya kufungisha ndoa, na wapo walioachana kwa machozi siku chache kabla ya harusi. Lakini tazama kilichowaumiza: walijua wakiwa wamechelewa. Kadi zimeshasambazwa, mahari imeshapokelewa. Swali hili ukiliuliza mapema, mnapokula chipsi mayai pale nje ya geti, ni swali dogo. AS akioana na AA hawatazaa SS. Na AS wawili wakiamua kuoana, hiyo ni haki yao, nani anikataze mimi? Ila wataingia macho yakiwa wazi. Mtoto atapimwa siku za mwanzo, ataanzishiwa penisilini na chanjo kabla maambukizi hayajamuwahi, mama atafundishwa kupapasa bandama na kukimbia hospitali kwa homa. Mdogo wangu anatumia haidroksiyurea kila siku. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza maumivu, inapunguza malaria, inapunguza vifo vya watoto. Yuko kidato cha pili, ni golikipa, ingawa mama hapendi. Kati yake na dada yangu jeni ni ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba yeye tulimjua mapema.

Kitu kimoja kwa wale wanaoona haya si mambo ya wanachuo. Selimundu iliingia vitabuni mwaka 1910, Chicago, kupitia mwanafunzi. Aliitwa Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada aliyekwenda kusomea udaktari wa meno. Aliumwa mara kwa mara, na daktari aliyekuwa mafunzoni aliweka damu yake kwenye hadubini akaona chembe zilizopinda. James Herrick ndiye aliyeandika habari hiyo. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao kung'oa watu meno, akafariki mwaka 1916 akiwa na umri wa miaka 32. Najiuliza mara nyingi alikuwa anawaambia nini wenzake wa chumba kimoja alipobanwa usiku.

Nami sitaki kuandika kama mtakatifu. Nina rafiki wa kike, tuna mwaka na nusu, na swali hili nilikuwa sijamuuliza. Nilikuwa naogopa jibu. Nilimuuliza Jumapili iliyopita, tukiwa kwenye foleni ya daladala, mahali pabaya kabisa. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama kipimo kinauma. Tumeshapeleka damu kwenye maabara moja mjini. Majibu bado.

Na hoja ya zahanati nimemkabidhi mwakilishi wetu wa bweni. Amesema ataiweka kwenye kikao kijacho, baada ya ajenda ya maji. Sawa, maji kwanza. Lakini iwemo.