Mbwa kukojoa si ushahidi wa kutosha

Mbwa jike akishatolewa kizazi, awe Mbeya au Iringa, swali linaloulizwa kesho yake ni moja: amekojoa? Akishakojoa, watu wanatulia. Nadhani utulivu huo unakuja mapema mno. Mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo unapita jirani na mishipa inayofungwa wakati wa upasuaji, na uzi ukiunasa upande mmoja, figo ya pili hubeba kazi yote. Mbwa atakojoa vizuri tu. Kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, nayo yaweza kuonekana sawa, kwa kuwa hupanda pale takribani robo tatu ya uwezo wa figo inapokuwa imekwisha kupotea. Hata kibofu chenye tundu kinaweza kuvujia tumboni huku mkojo mwingine ukitoka kwa njia yake. Na katika baridi ya Julai pale Uyole au Mafinga, mbwa aliyejikunja na kususa ugali ni rahisi kudhaniwa kuwa anasikia baridi tu.

Wapo watakaosema vifaa hatuna. Altrasaundi inasaidia sana, sikatai, ila kwa mkojo unaovujia tumboni kipimo chenye nguvu kinahitaji bomba la sindano na maabara tu: majimaji kidogo ya tumboni na damu, vichukuliwe kwa wakati mmoja. Kreatinini ya majimaji ikizidi ile ya damu mara mbili, huo ni mkojo uliovuja. Iringa kuna kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), lakini hata maabara ya hospitali ya watu inaweza kupima, kwa sababu mbwa analinganishwa na nafsi yake, si na viwango vya binadamu. Kabla ya hapo kuna mzani wa jikoni. Kitambaa anacholalia mbwa kipimwe kikavu, kisha kikiwa kimelowa mkojo. Gramu moja ni karibu mililita moja, na mbwa wa kilo 15 anatazamiwa kutoa mililita 15 hadi 30 kwa saa.

Wengine watauliza, gharama zote hizo kwa mbwa wa ulinzi? Chanjo ya kichaa cha mbwa inalenga asilimia 70 ya mbwa, na kiwango kilichofikiwa hushuka kila watoto wapya wanapozaliwa. Ndiyo maana tunahitaji upasuaji huu, na jirani aliyeona jike la mwenzake likifa hataleta lake. Basi cheti cha upasuaji kiandikwe uzito wa mbwa, saa aliyokojoa na namba ya simu inayopokelewa usiku.