Jibu Lisilo na Njia

Mzee mwenzangu mmoja wa Nkwenda, ambaye tulishika chaki pamoja miaka mingi, alinitamkia msibani mbele za watu kwamba mjukuu wangu anafanya butura. Wenyeji wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji maelezo. Msomaji wa mbali aelewe kuwa butura ni kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya njaa, mlanguzi akaja kuvuna mwenyewe. "Tena heri butura," akaongeza, "mwenye butura hupata angalau ya chumvi. Huyu wako anawapa Wazungu bure." Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana msibani si mahali pa mabishano. Lakini neno lile nililala nalo, na haya ninayoandika ndiyo jibu ambalo sikulitoa siku ile.

Kosa la kijana ni hili. Anasoma hisabati chuo kikuu, na wakati wa likizo hukaa kwangu Kayanga. Usiku, umeme ukiwepo, huandika misimbo kwa ajili ya maktaba moja ya programu za hisabati. Maktaba hii si chumba cha vitabu. Ni mkusanyo wa maelekezo ambayo kompyuta huyafuata ili kutafuta vigawo vya namba kubwa, kufumbua milinganyo na mambo kama hayo, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia na kuyasahihisha. Mjukuu wangu aligundua kwamba kanuni mojawapo ilitoa baki lisilo sahihi pale kigawanyo kilipokuwa namba hasi. Akarekebisha mistari sita. Mistari sita tu! Lakini kabla haijapokelewa ilimbidi aandike majaribio ya kuthibitisha kwamba kosa lilikuwepo na sasa halipo, kisha watu watatu asiowafahamu wakamhoji kwa muda wa wiki tatu. Walimrudishia kazi mara mbili. Mara ya pili alikuja kwangu amenuna, akisema, "Babu, hawa wananionea." Nikamwambia anisomee walichoandika. Walikuwa sahihi: alikuwa amesahau sifuri.

Katika maisha yangu yote ya ualimu sikupata mkaguzi hata mmoja aliyeisoma kazi yangu kwa makini kiasi hicho.

Sasa nimwulize mzee mwenzangu swali la darasani. Mwanafunzi akikuletea jibu sahihi bila kuonyesha njia, ulikuwa ukimpa alama ngapi? Mimi nilikuwa sitoi, na yeye alikuwa mkali kuliko mimi. Basi programu za hisabati zinazouzwa zikiwa zimefungwa ni mwanafunzi wa namna hiyo. Unaingiza swali, jibu linatoka, na namna lilivyopatikana ni siri ya kampuni. Unalipa ada ya leseni ili uamini. Zile zilizo huria, kama SageMath iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, zimeweka njia yote mezani, mstari kwa mstari. Sielewi ni vipi mwalimu wa hisabati aweza kusita kuchagua kati ya hizo mbili.

Nakubali kwamba hoja ya butura ina ukweli ndani yake. Makampuni makubwa hutumia kazi ya bure ya vijana kama huyu na kujipatia mapato. Leseni nazo hazilingani. Ile ya GPL, ambayo SageMath inaitumia, humtaka anayesambaza programu iliyotengenezwa juu yake aiache wazi vilevile. Ile ya BSD, ambayo SymPy inaitumia, haidai hivyo, na tajiri anaweza kuchukua na kufunga mlango. Kijana asome leseni kabla ya kutoa jasho lake, kama mkulima anavyopaswa kutazama mizani. Lakini tofauti na butura ni kubwa. Aliyeuza kahawa mtini hana tena kahawa. Huyu alichotoa bado anacho, na jirani yake anacho, hata huyo mzee wa Nkwenda anacho akikitaka.

Hapa sina budi kujisema. Nilikuwa na daftari la kurasa nyingi, lenye maswali magumu ya mitihani niliyoyafumbua mwenyewe tangu nilipotoka chuo cha ualimu. Walimu wa shule jirani waliliomba, nikawa nikitafuta visingizio. Nilitaka shule yangu iongoze, na nilitaka isemwe kwamba siri iko kwangu. Nilipostaafu nililifungia sandukuni. Mchwa walilisoma lote.

Nami si wa kwanza katika nchi hii. Watu wetu waliyeyusha chuma kabla Speke na Grant hawajafika kwa Rumanyika mwaka 1861, na hazina ya Bweranyange ilikuwa na nyundo na ng'ombe wa chuma. Lakini ujuzi ule ulikaa ndani ya koo chache, umezungushiwa miiko. Chuma cha Ulaya kiliua soko, siri ikamaliza kilichobaki. Mwaka 1976 Mmarekani Peter Schmidt alipowaomba wazee wa Buhaya wajenge tena tanuri, ilikuwa imepita miongo mingi, na iliwabidi wakumbuke kwa kujaribu. Wangechelewa kidogo tu, pasingekuwa na wa kuulizwa.

Linganisha na Maxima. Ilitokana na Macsyma, programu ya aljebra iliyoanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. William Schelter wa Texas aliitunza tangu mwaka 1982, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuitoa kwa leseni ya GPL. Akafariki mwaka 2001. Je, alizikwa nayo? La hasha! Wengine waliipokea. Leo STACK, mfumo wa kusahihisha mazoezi ya hisabati ulioanzishwa na Chris Sangwin wa Uingereza, hutegemea Maxima kwa ukokotoaji wake, na wahadhiri wa Maseno, Kenya, wameutumia kufundishia wanafunzi wao, ng'ambo tu ya ziwa letu.

Tusiseme pia kwamba kazi hizi si zetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Sisi tuliohubiri Elimu ya Kujitegemea tangu 1967 ndio tungepaswa kushangilia kijana anapoacha kuwa mpokeaji tu. Badala yake tunamcheka msibani.

Kijana amekwisha kurudi chuoni. Ameniachia kurasa za maelezo ya maktaba ile nizitafsiri kwa Kiswahili, naye atazipeleka zikahojiwe. Nimeshafanya kumi na moja. Tangu Jumanne nimekwama kwenye neno moja, nusu Kijerumani, ambalo Waingereza wenyewe walishindwa kulitafsiri lote.