Matembezi ya Watoto Hayahitaji Mkopo

Wikendi ikikaribia, mzazi wa Nairobi anajua swali linalokuja: "Leo tunaenda wapi?" Wengi wana majibu mawili tu. La kwanza ni "hakuna pesa", kisha runinga inawashwa mpaka jioni. La pili ni kungoja Disemba, familia ivae vizuri, iende mahali pa bembea za kulipia na chipsi kuku, halafu Njaanuari ifike na deni la simu juu ya karo na sare.

Mimi naona majibu yote mawili yanawanyima watoto. Familia inayotoka mara moja kila mwezi kwa pesa kidogo inafaidi kuliko ile inayotoka mara moja kwa mwaka kwa mkopo. Mtoto anayelelewa kwenye fleti, ambapo akikimbia kwa korido anakemewa na keateka, anahitaji nafasi kwanza. Mengine ni ziada.

Pesa haziishi langoni

Ukimuuliza mtu kwa nini hatoki na watoto, atakwambia kiingilio ni ghali. Lakini fuatilia jumbe za simu yako baada ya matembezi. Mara nyingi utakuta pesa zimeishia mahali patatu: nauli, chakula, na zile "mama, ninunulie" za njiani.

Nilisomea masoko chuoni, kwa hivyo hii ya tatu naielewa vizuri. Peremende hazikuwekwa karibu na keshia kwa bahati mbaya, na haziko usawa wa macho yako. Ziko usawa wa macho ya mtoto. Ukiingia mahali palipopangwa hivyo bila mpango wako mwenyewe, utafuata mpango wa mwenye duka.

Hesabu ya mfano

Tuchukue wazazi wawili na watoto wawili, na nauli ya shilingi 80 kwa kila mtu. Weka bei za mtaa wako:

- Nauli kwenda na kurudi: 640
- Chakula kutoka nyumbani (chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji): 400
- Kiingilio, kama kipo: 300
- Pesa za watoto wenyewe, 100 kila mmoja: 200
- Akiba ya dharura: 160

Jumla ni 1,700. Gawanya kwa siku 28, unapata kama shilingi 61 kwa siku. Hizo zinaweza kutengwa kidogo kidogo kwenye akaunti ya akiba ya simu, mbali na salio la kila siku. Zikikaa pamoja na pesa za stima na maziwa, mwezi ukifika kona zitakuwa zimeliwa.

Nauli nayo ina ujanja wake. Jumapili asubuhi huwa nafuu kuliko jioni, na mvua ikinyesha makanga hana huruma. Toka mapema, rudi kabla ya saa kumi na moja. Mtoto mdogo wa kupakatwa kwa kawaida halipiwi, lakini kubalianeni kabla ya kupanda.

Pa kwenda papo

Arboretum iko karibu na Ikulu, na imekuwa shamba la miti tangu 1907. Ina nyasi, vivuli na nafasi ya kutandika leso. City Park kule Parklands ina nyani wadogo ambao watoto huwapenda sana, ila ficha ndizi zako. Karura ina zaidi ya hekta 1,000 za msitu, maporomoko ya maji na mapango ya enzi za Mau Mau. Huo ni mwendo, kwa hivyo mtoto wa miaka minne usimpeleke mpaka mwisho wa njia, utambeba mgongoni ukirudi.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi inahitaji gari na bajeti kubwa zaidi. Ukitaka wanyama bila gari, kuna Nairobi Safari Walk, ambako mnatembea kwa miguu. Hiyo naiweka kama ya mara moja kwa mwaka.

Kumbuka jambo moja: tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya taifa. Chupa ya maji ya dukani inaweza kukurudisha langoni. Beba maji kwenye chupa ya shule ya mtoto na chakula kwenye mkebe. Utaokoa pesa pia.

Na tusichukulie nafasi hizi kama za bure tu. Mwaka wa 1989 Uhuru Park ilitaka kujengwa jumba la ghorofa 60, na Profesa Wangari Maathai akasimama akapinga. Mwaka wa 1999 yeye na wenzake walipigwa wakitetea Karura isinyakuliwe. Watu waliumia ili mtoto wako apate mti wa kuzunguka. Tusipozitumia, siku nyingine akija mnyakuzi nani atasema kitu?

Mpe mtoto pesa zake

Ile 100 ya kila mtoto ndiyo ninayoitetea zaidi. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani: hii ni yako, ikiisha imeisha. Akitaka aiskrimu, sawa. Akitaka kuchorwa uso, sawa. Mimi bado si mzazi, lakini ni anti anayeachiwa watoto kila likizo, na nimeona "ninunulie" ikigeuka kuwa "imebaki ngapi?" Hilo ni somo la pesa ambalo hakuna tangazo litamfunza.

Simu yako siku hiyo

Angalia bei za sasa na kama mahali pamefunguliwa kabla ya kutoka, maana hubadilika. Mbuga za KWS hazipokei pesa taslimu, kwa hivyo jipange kulipa kwa simu, na uende ikiwa na chaji. Mtu akikwambia utume kiingilio kwa nambari yake binafsi, kataa. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka nambari yako ya siri. Simu ikiwa mkononi mwa mtoto anayepiga picha, nambari hiyo asiijue.

Usitoe pesa kwa ajenti kila unapokwama, maana kila kutoa kuna ada. Toa mara moja za nauli na za watoto, zingine lipa kwa simu.

"Lakini sisi hatuna hata hizo 1,700"

Ni kweli, kuna miezi ya namna hiyo, na kuna mzazi anayefanya kazi Jumapili. Basi punguza. Uwanja wa shule au wa kanisa ulio karibu, saa mbili za mpira, chai kwenye chupa, hakuna nauli. Wengine watasema mjini hakuna usalama. Nendeni familia mbili, mchana, mahali penye watu, mzazi mmoja macho kwa watoto na mwingine macho kwa mizigo.

Ninachokataa ni mkopo. Najua naandika kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na mikopo ya simu iko kitufe kimoja tu kutoka hapa. Lakini mkopo una mahali pake: mtoto akiugua usiku, au mzigo wa biashara unaojua utauzika. Bembea haiko kwenye orodha hiyo. Anza leo na 61, na ukifika mwisho wa mwezi waulize watoto wenyewe wachague pa kwenda.