Kufuli la Kabati Lisizibe Pumzi ya Amplifaya



Ndugu zetu, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kabati la amplifaya. Hapa Kyebando, kama katika mitaa mingine ya Kampala, ni kawaida kukuta amplifaya ya msikiti au ya madrasa imewekwa ndani ya kabati la mbao na kufungwa kwa kufuli. Sababu inaeleweka. Wezi wapo, na watoto nao hupenda kugusagusa vitufe. Hatusemi kufuli liondolewe. Tunachosema ni kwamba kabati linalomzuia mwizi lisizuie na hewa.

Tuelewe kwanza joto linatoka wapi. Amplifaya haigeuzi umeme wote kuwa sauti. Tuchukue mfano: mashine inavuta wati 200 ukutani, na wati 50 tu ndizo zinazofika kwenye spika. Wati 150 zilizobaki haziendi popote, zinageuka joto pale pale ilipo mashine. Ni sawa na kuwasha balbu mbili za zamani za wati 75 ndani ya sanduku, kisha ukafunga mlango na kuziacha mpaka Tarawehe iishe.

Wapo wanaosema, "Kampala si Mombasa, hapa hakuna joto." Ni kweli mji wetu uko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hali ya hewa yake ni ya wastani. Lakini amplifaya haipumui hewa ya Kampala, inapumua hewa ya kabati. Nje kukiwa na digrii 28, na ndani joto likaongezeka kwa digrii 25 tu, tayari ni digrii 53. Vyuma vya kupoozea vilivyo mgongoni mwa mashine havisaidii kitu ikiwa hewa inayovizunguka nayo ni ya moto.

Matokeo yake tunayajua. Mashine nyingi zina kinga inayozima sauti joto likizidi, ndiyo maana sauti hukatika katikati ya hotuba na kurudi baada ya muda. Watu hulaumu umeme au waya wa maikrofoni. Madhara mengine huja polepole. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: kila joto likipanda digrii 10, umri wa kapasita hupungua karibu nusu. Kapasita zikikauka, mashine huanza kunguruma, na mwisho hufa.

Hapo ndipo lilipo lalamiko letu. Mashine ikifa, michango hupitishwa, mpya hununuliwa, kisha huingizwa katika kabati lile lile. Fedha hizo ni za muuza ndizi wa Kalerwe, za dereva wa bodaboda, za mwanafunzi aliyetoa nauli yake. Ni amana. Kununua mashine ya pili kabla ya kutoboa matundu ya hewa ni israfu, hata kama nia ilikuwa njema.

Tunapendekeza haya, na hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu kutoka nje:

1. Toboeni matundu chini ya kabati na mengine juu upande wa nyuma. Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo ya baridi iingie chini na ya moto itokee juu. Matundu ya juu peke yake hayatoshi.

2. Mlango wa mbao ubadilishwe uwe wa wavu wa chuma. Mafundi wa Katwe wanaweza kuutengeneza, na kufuli litabaki pale pale.

3. Acheni nafasi ya kama sentimita 10 kila upande na juu ya mashine. Msipandanishe mashine mbili bila nafasi kati yake.

4. Joto likiendelea, wekeni feni ya kompyuta ya sentimita 12 juu, ikitoa hewa nje. Hutumia umeme kidogo wa volti 12.

5. Hesabuni spika. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 4, na nne zinakuwa omu 2. Ikiwa mashine haikutengenezwa kwa omu 2, itachemka hata ikiwekwa uwanjani.

6. Futeni vumbi kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Vumbi likiganda kwenye matundu hufanya kazi ya blanketi.

Wengine watasema dawa ni kununua amplifaya za kisasa za daraja la D. Ni kweli hizo hupoteza umeme kidogo zaidi, na nyingi hufikisha asilimia 80 au 90 ya umeme kwenye spika zinapofanya kazi kwa nguvu. Lakini nazo hutoa joto, na bei yake si ya kila jamaa. Matundu ya hewa ni ya bei nafuu kuliko mashine yoyote.

Na akina mama nyumbani, nasaha hii ni yenu pia. Vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyotandika juu ya redio na king'amuzi huziba matundu yale yale. Vitandikeni kwenye meza.

Kwa kamati zetu tunasema: anayeshika ufunguo wa kabati apewe na wajibu wa kuligusa kabati mkono baada ya kila Ijumaa. Wanafunzi wetu wanaosoma fizikia wapewe kipimajoto wapime ndani na nje, watuletee tofauti. Watajifunza, na mali ya msikiti itadumu inshaallah.

Wabillahi tawfiq.